Ubeti wa Kutolea Plasta

Nyie mliobaki katika chumba cha plasta, pale mwisho wa baraza karibu na bomba linalovuja, mliniambia siku ya kuniaga niwaandikie mambo ya zamani. Nilicheka. Nilidhani mnasema kwa adabu tu, maana keki ilikuwa imeshaliwa na hotuba zimekwisha. Lakini Baluku amenikumbusha tena, na huyo namfahamu, nimemfundisha kazi mwenyewe, harudii neno asilolitaka. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo sikupata vingi, na mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya unga mweupe, na mikono, na wimbo mmoja ambao nusura unipotee.

Jina langu ni Biira, ingawa waendesha boda wote kutoka mpakani mpaka Kasese wananiita Mama Plasta. Nimeweka plasta Bwera tangu nikiwa msichana mwembamba hadi nikawa bibi wa watu. Bwera ni mji wa mpakani, huku Uganda, kule Kongo. Mgonjwa huyu katoka Beni, yule kambi ya jeshi, mwingine kashuka mlimani kwetu, na wote wanakaa benchi moja. Ndiyo maana chumba chetu kilisema Kiswahili, kila mtu na chake kilichovunjika. Hicho hatukukiwekea plasta.

Siku yangu ya kwanza nilifika na sare iliyopigwa pasi hadi inakata. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Erisa, mtu mfupi mwenye viganja vipana, na nywele nyeupe sijui kwa uzee au kwa unga. Hakuniuliza cheti. Alinionyesha benchi la wagonjwa akasema, "Kaa hapo, binti. Ukichoka kukaa, utajua wanavyochoka wao." Nikakaa asubuhi nzima katikati ya watu waliovunjika, mimi nikiwa mzima, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Alasiri akaniita. Juu ya meza alikuwa mchukuzi wa sokoni, gunia la kahawa lilimwangukia mguuni kutoka kwenye lori. Mzee akatumbukiza bendeji ya unga kwenye beseni, ikaanza kutoa mapovu.

"Isikilize," akaniambia. "Inasema. Ikinyamaza, itoe."

Ikanyamaza, akaitoa. Akakamua ncha zake mbili taratibu, akaviringisha kutoka vidole vya mguu kupanda juu, bila kuvuta. Bendeji ya plasta haivutwi, inalazwa. Mnalijua hilo, lakini naliandika kwa sababu mwezi ule wa mwisho nilimwona mmoja wenu akivuta. Sitamtaja. Anajijua.

"Sasa shika hapa," akasema Mzee. "Kwa kiganja, si kwa vidole. Vidole vinaacha shimo, na shimo linaleta kidonda. Shika, usitikisike mpaka nikwambie."

Nikashika. Mguu ulikuwa mzito, umelowa, na unga ulikuwa baridi. Nikangoja atazame saa yake. Hakuwa na saa. Akafumba macho, akaanza kuimba, polepole, sauti ya chini:

*Njia ni ya mawe, mlima mrefu,
Nishike, ee Bwana, nisije teleza...*

Mchukuzi alikuwa na jasho la maumivu usoni, lakini ubeti wa pili akaanza kufuata maneno. Ubeti wa tatu akashtuka. "Mzee, inachoma! Mguu inachoma!"

"Haichomi. Ni ubeti wa tatu," Mzee akajibu bila kufumbua macho, akaendelea.

Na kweli nilisikia chini ya viganja vyangu: unga uliokuwa baridi umepata joto lake wenyewe, joto la mtu aliye hai, bila moto wala jua. Nyie mmesoma, mnajua ni kemia. Mimi pia niliambiwa baadaye kuwa ni kemia. Sikuacha kushangaa.

Mwisho wa ubeti wa nne plasta ilikuwa imeshika. Mzee akaigonga kwa ukucha, ikalia ko-ko. Nikangoja amalizie wimbo, maana hata asiye na sikio la muziki angejua haujaisha. Sauti ilikuwa imebaki juu, inaning'inia. Lakini alinyamaza, akanawa mikono.

"Na mwisho wake?" mchukuzi akauliza.

"Huo ni wako. Ukirudi nikutoe plasta, tutauimba."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa chumba chetu, na sidhani kama uko hospitali nyingine duniani. Beti nne za kushikia, mmoja wa kutolea. Mzee alinieleza sababu tukipanga bendeji kabatini. Zamani watu hawakurudi. Wengine waliikata plasta kwa panga nyumbani, wengine waliisahau mpaka wadudu wakajenga humo. Tarehe aliwaandikia, wakaipoteza. Akaona awape kitu kisichopotea. "Mtu anasahau tarehe," alisema, "lakini wimbo uliokatwa katikati unamkera. Anachota maji, unamkera. Analima, unamkera. Mwisho anakuja mwenyewe." Na walikuja. Niliona mama mmoja ameshuka kutoka juu kabisa mlimani, kwa fimbo, siku mbili kabla ya wakati wake, amekasirika, anasema hawezi tena kukaa na wimbo usio na mkia.

Siku ya kutoa, Mzee alichukua ule mkasi mkubwa wenye mdomo wa bata, akakata taratibu, kreki, kreki, na kwa sauti ileile ya chini akaanza ubeti wa tano, mgonjwa akimfuata neno kwa neno. Plasta ikafunguka pande mbili, na mkono au mguu ukatoka mwembamba, mweupe kwa ngozi kavu, unaona haya kutazamwa. Hapo wimbo ukashuka na kutua.

Niseme ukweli, wakati ule sikuupenda. Nilikuwa kijana, kwaya yetu kanisani ilikuwa na ngoma na gitaa, na huu niliuona wimbo wa wazee wanaokohoa. Nilimwuliza Mzee kaupata wapi. Akasema alifundishwa utotoni na katekista mmoja aliyetoka upande wa Beni kwa miguu, amebeba Biblia ndani ya sufuria ili isilowe. Na katekista je? Alifundishwa na mama mmoja mjane. Na yule mjane? Mzee akainua mabega. "Binti, hata mimi sijui kila mtu. Siku moja tutawaona wote, uwaulize mwenyewe."

Basi miaka ikaenda, na wagonjwa wakaenda nayo. Nakumbuka mwongoza wageni wa Mweya, kule mbugani, aliyerushwa na nyati; aliimba huku anautazama mlango, utadhani nyati angekuja kummalizia. Namkumbuka Afande, askari wa kambini kutoka kaskazini, aliyevunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa maparachichi, jambo alilotuamuru tusilitaje. "Imba haraka!" alifoka. "Niko na gwaride!" Mzee akamwambia unga hauna cheo. Afande akaguna, akatulia, na ubeti wa tatu akaingiza sauti nzito iliyotikisa vioo vya dirisha.

Na namkumbuka Kavira. Alivuka mto wa mpakani akiwa binti, amebebwa kwenye kiti na kaka zake, mguu umevunjika siku walipokimbia vita upande wa pili. Mkatoliki. Mzee alipoanza kuimba, yeye akafanya ishara ya msalaba akafunga mdomo kabisa, akatuambia, "Miye siimbake wimbo ya Baprotestanti." Mzee hakubishana. Aliimba. Ubeti wa tatu, joto lilipokuja, yule binti alishika mkono wangu kwa nguvu, na mara nikasikia sauti ya pili, nyembamba, safi, imekaa juu ya sauti ya Mzee mahali pake kabisa. Kabla ya wakati wa kumtoa plasta walirudi kwao, na sisi tukasema basi, huyo amekwenda. Lakini siku yake alivuka mto peke yake kwa magongo, akakaa kwenye benchi, akasema, "Nimekuya kuchukua yangu."

Sijui ni lini hasa wimbo ule uliniingia. Haukubisha hodi. Nadhani ilikuwa baada ya Mzee kustaafu, nikabaki mimi wa kuanzisha. Unashika mguu wa mtu, huwezi kwenda popote, nje mvua ya mlimani inanyesha juu ya bati, unga unapata joto. Unaimba. Na chini ya sauti yako unasikia ya Mzee, japo yuko kwake amelala. Na chini ya ya Mzee, nyingine usiyoijua, ya mtu aliyetembea na sufuria kichwani. Halafu ya mwanamke. Chini kabisa ni kama mngurumo wa mto unaousikia ukiwa bado mbali nao. Nilikuwa nimeshafika umri wa kuzika watu wangu, mume wangu akiwamo, na kanisani nilikuwa nawatafuta kwenye viti vyao vya zamani. Niliwapata chumba cha plasta. Nilikuwa nasimama pale na kiganja changu kwenye goti la mwendesha boda anayenuka petroli, nimezungukwa na watu waliokufa kabla sijazaliwa, na wote wako kwenye ubeti mmoja na mimi. Mkiona hilo ni la kizee, ngojeni mzeeke.

Kisha Mzee Erisa mwenyewe akavunjika mguu, kwa kuteleza kwenye shamba lake la kahawa. Walimleta, akakataa kuguswa na daktari mpya. "Biira yuko wapi?" Nikamwekea. Kwenye meza alinisahihisha kila kitu. "Unakimbia, binti. Unga hauna haraka." Tuliimba beti nne, yeye akishika kwa jicho na mimi kwa kiganja. Nilipogonga kwa ukucha akatabasamu, akaniambia, "Sasa nakudai wimbo. Nitarudi."

Hakurudi. Kifua kilimchukua kabla mfupa haujaunga. Watoto wake walinijia wakasema baba yao asizikwe na kitu kigumu mguuni, aende na miguu yake yote miwili. Nikaenda na mkasi kwenye begi. Nilikata nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda chake, kreki, kreki, na wote chumbani wakanitazama wakingoja, maana walijua utaratibu. Sauti haikutoka. Nikaikata plasta yote kimya, nikaikunja kwenye kanga, nikatoka nje.

Baada ya hapo kila nilipofika kwenye ubeti wa tano niliupitisha harakaharaka. Halafu tukaletewa msumeno wa umeme, ule unaopiga kelele kama nyuki elfu kwenye debe. Kwa msumeno ule nani ataimba? Wagonjwa wenyewe wanafumba macho wakidhani mguu unakwenda na plasta yake. Ikaja pia faiba, plasta ya kisasa nyepesi, inashika kabla hujamaliza ubeti wa pili. Kemia imefupisha nyimbo. Wewe Baluku ulipokuja ulikuta beti nne, tena kwa siku za unga tu, na maneno yangu ya mazoea, "mwisho ni wako ukirudi." Waliporudi walikuta msumeno.

Nikastaafu. Nikahamia Kasese kwa binti yangu Masika, nyumba ya nyuma ya stendi ya teksi. Kanisa la huko ni zuri, lina kinanda na maspika makubwa, na vijana wanaruka mpaka vumbi linainuka. Siwasemi vibaya, hata mimi niliruka. Ila asubuhi nikikaa uani na chai yangu, mlima ukiwa bado umefunikwa na ukungu, beti zile nne zilikuwa zinajiimba zenyewe kichwani, zinafika juu, zinaning'inia. Sikujali. Nilijua wa tano upo, kama unavyojua ufunguo uko kwenye droo.

Mwaka jana, soko la Kasese, nilikanyaga nyanya iliyooza. Nikaanguka juu ya mkono wa kulia, na nilijua kabla sijainuka, kwa sababu kifundo kilikaa kile kikao mnachokijua, kimepinda kama mgongo wa uma wa mezani. Nikaomba kipande cha katoni, nikaufunga kwa leso, nikapanda teksi ya Bwera. Masika alinipigia simu akilia. "Mama, Kasese yote haina hospitali? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Mkuu ni mimi," nikamwambia, "na si guu, ni mkono."

Baluku, unakumbuka ulivyonitazama nilipoingia. Faiba ilikuwa imekwisha, ukaniomba radhi, nikafurahi moyoni. Ulitumbukiza bendeji, ukaisikiliza. Ulilaza, hukuvuta. Ulishika kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande ule mwingine wa meza, na nataka nyote mjue, kutoka upande ule kiganja cha mtu ni kitu kikubwa sana. Tukaimba. Ubeti wa tatu joto likaja, na mimi niliyewaambia watu maelfu kuwa haichomi, nikasema, "Baluku, inachoma." Benchi zima likacheka. Ukamaliza wa nne, ukagonga kwa ukucha, ukasema kwa adabu, "Mwisho ni wako ukirudi, Mama."

Hapo nikaifungua ile droo kichwani niutazame ubeti wangu, na ndani hamkuwa na kitu. Hata neno la kwanza.

Nilijiambia ni maumivu. Nikarudi Kasese, nikangoja. Siku ya pili, hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Nikaogopa, na sisemi kwa mapambo, niliogopa hasa. Mtu akisahau jina la jirani anacheka. Huu haukuwa wangu peke yangu. Ulitembea kutoka mdomo hadi mdomo, ukavuka mlima ndani ya sufuria, ukafika kwangu, na kwangu ndiko ungeishia. Na Mzee Erisa alikuwa bado ananingoja nimwimbie. Nilikuwa nimejiahidi kimyakimya kwamba siku ya kutolewa plasta hii nitauimba kwa ajili yake pia. Sasa ningeimba nini?

Nikauliza. Kitabu kipya cha kanisa hakina wimbo huo kabisa, na cha zamani pia hakina. Mchungaji wetu, kijana mwema, akaniambia niimbe mwingine, Mungu ataelewa. Nikamjibu kwamba Mungu najua ataelewa, sina wasiwasi na Mungu. Nikamfuata Afande, ambaye siku hizi ni mzee wa tumbo kubwa, analinda duka la saruji karibu na stendi. Alisimama wima akapiga saluti kwa plasta yangu.

"Wimbo ile? Naijua!" Akavuta pumzi, akaunguruma tuni yote ya ubeti wa tano, mpaka chini inapotua. Maneno hayakuwapo. "Kuna moto," akasema baada ya kufikiri. "Moto ndani yake iko. Ingine imetoroka, Mama. Nilisindikiza, ikatoroka."

Moto tu. Lakini nikiwa narudi nyumbani nikaona jambo lililokuwa mbele ya pua yangu. Sisi wa chumbani tulibaki na beti nne. Wa tano hatukuwa tunabaki nao, tulikuwa tunawapa. Walioondoka nao ni wale waliopona.

Nikaenda mpakani, soko la vitenge. Nilijua Kavira anauza pale. Kila Krismasi alikuwa ananiletea kuku. Nilimkuta amekaa juu ya marobota yake, mnene, mwenye miwani, mguu ule mmoja ameunyoosha kwa sababu ya baridi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akikunja kitenge.

"Niko nayo," akasema.

Nikakaa kwenye robota. "Wewe Mkatoliki?"

"Miye niko Mukatolike, lakini ile wimbo iko ya muguu yangu. Muguu yangu haina dini. Kila asubuyi nikiamuka, inauma, ninaiimbia, inatembea."

"Basi niimbie, dada."

Akautazama mkono wangu, akatikisa kichwa. "Hapana. Plasta ingali. Mzee alisema ni ya kutolea. Siku ya kukutosha ile kitu ku mukono, nitakuya."

Nilimbembeleza. Nilimwambia mimi ndiye mwenye chumba, utaratibu ni wangu naweza kuuvunja. Akaniambia ndiyo maana nimeupoteza. Alikuwa na haki. Mwisho nikamwambia, "Kavira, sisi ni wazee. Ukifa kabla ya siku hiyo?"

"Nikikufa, utaikuta ku mbingu," akajibu, akamgeukia mteja.

Siku yangu ilipofika nilikuwa Bwera mapema. Nikakaa kwenye benchi, palepale aliponiweka Mzee siku ya kwanza. Kavira hakuwapo. Watu wa sokoni walisema alivuka kwenda kumzika shangazi yake Butembo, na barabara ya huko mnajua habari zake, leo imefunguka, kesho imefungwa. Baluku ulitoka mara tatu. "Mama, nikutoe?" Ngoja, nikasema. Jua likapanda. Wagonjwa wakaitwa mmoja mmoja, benchi likajaa wengine. Nilikaa na mkono wangu magotini, nikiimba beti nne polepole moyoni, nikifika juu, nikirudi mwanzo. Nilianza kusinzia. Ilinijia kama ndotoni kwamba baraza lile ni refu kuliko nilivyolijua, benchi linaendelea kupita bombani, kupita ukutani, na watu wamekaa mfululizo, kila mmoja na plasta yake, mjane, mtu mwenye sufuria, Mzee Erisa na mguu wake umenyooshwa, wote wanangoja kuitwa.

Boda ikanguruma kwenye geti. Kavira akashuka, vumbi hadi kope, bado amevaa kitambaa cha msiba.

"Nimechelewa? Barabara ilikuwa mubaya."

Nilikwambia, Baluku, uache msumeno, ufungue droo ya chini kabisa. Mkasi ulikuwapo, umeingia kutu kidogo kwenye mdomo. Ukaupaka mafuta, ukauingiza chini ya plasta. Kreki. Kavira akasimama kando yangu, akawageukia walio kwenye benchi, vijana wa boda na akina mama na mtoto mmoja wa shule, wote wamefungwa miguu na mikono. "Ninyi muzibe masikio," akawaambia. "Haiko yenu bado." Hawakuziba. Akafumba macho yake nyuma ya miwani.

*Walotangulia wamewasha moto,
Wamekaa kando, watungoja sisi...*

Nilimfuata neno kwa neno, nimechelewa kama mtoto anayejifunza. Halafu kabla hajafika mstari wa tatu ukanijia wenyewe, wote, na haukuja kwa sauti ya Kavira. Ulikuja kwa sauti ile ya chini, isiyo na haraka.

*Majivu ni yao, na joto ni letu,
Bwana, tufikishe tuote pamoja.*

Plasta ikafunguka, mkono wangu ukatoka mwembamba, umekunjamana, na sikuuona kuwa wangu, niliuona mguu wa Mzee kwenye kitanda chake siku ile niliyokata kimya. Nikaanza upya mwanzo wa ubeti, peke yangu, nikamwimbia mpaka ukatua. Nililia, na Kavira alilia, na Baluku ulijifanya unatafuta kitambaa kabatini. Sauti hii ya uzee haina uzuri wowote, lakini deni lilikuwa lake na nililipa lote.

Nilipokuwa nanawa mkono, kijana wa boda mwenye plasta mpaka pajani akaniita kutoka kwenye benchi, anatabasamu kwa ujanja. "Mama Plasta, mimi nimesikia yote, na nimeishika. Sasa nirudi ya nini?"

Nikamwendea, nikaigonga plasta yake kwa ukucha, ko-ko, ikaitika vizuri.

"Umesikia tu, mwanangu," nikamwambia. "Rudi uimbe."